Kitu cha Mtoto Kilichookotwa Shuleni ni Amana

Barua za mwezi huu zimetoka pande nyingi, lakini nne za Tanga mjini nimeona nizijibu kwa pamoja, kwa kuwa zote zinahusu jambo ambalo aghalabu halipewi nafasi katika vikao vya shule, ingawa huwaumiza wazazi mfukoni na watoto moyoni karibu kila wiki. Jambo hilo ni vitu vya wanafunzi vinavyopotea au kusahaulika shuleni. Nilifundisha shule za msingi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na mengi nitakayoyasema hapa niliyaona kwa macho yangu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka minane na yuko darasa la pili. Tangu mwezi wa tano amekwisha kupoteza masweta mawili, chupa ya maji na daftari la Hisabati. Nilipokwenda shuleni niliambiwa kuwa vitu vinavyookotwa huwekwa stoo, na kila kimoja hukombolewa kwa shilingi 500, bila risiti, ili watoto wajifunze kutunza vitu vyao. Sijui kama jambo hili ni sahihi. Mwanangu nimemchapa mara moja kwa ajili ya sweta la pili, nami nimejuta. Nifanye nini, na shule ifanye nini?
Mama wa watoto watatu, Ngamiani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hizo shilingi 500, maana ndizo zilizonisikitisha zaidi. Neno walilokwambia, kukomboa, ni neno la rehani: mtu hukomboa kitu alichokipeleka mwenyewe kwa mkopeshaji ili apewe fedha. Wewe hukuweka sweta rehani. Sweta lilisahaulika, likaokotwa, likahifadhiwa. Aliyelihifadhi ameshika amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe bila ya kutozwa kitu. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi katika shule za serikali hutolewa bila ada, na fedha yoyote anayoombwa mzazi inapasa ijulikane imeamuliwa na nani, imeandikwa wapi na inakwenda wapi. Malipo yanayotozwa mlangoni pa stoo bila risiti hayawezi kujibu hata swali moja kati ya hayo matatu.

Hata yangekuwa na risiti ningeyapinga, kwa sababu anayesahau ni mtoto na anayelipa ni mama. Mtoto ambaye kwao shilingi 500 ni mboga ya jioni hatafika nyumbani kusema kwamba sweta liko stoo linasubiri fedha. Atanyamaza, au atasema halikuonekana, na sweta litaota kuvu gizani huku mama akikopa kununua jingine. Hivyo shule iliyotaka kufundisha utunzaji itakuwa imefundisha uongo, tena imewafundisha watoto wa wazazi wenye uwezo mdogo kuliko wote.

Sasa tumwangalie mtoto mwenyewe. Umesema upotevu umeanza mwezi wa tano, nami sishangai, kwa kuwa huo ndio wakati masika inapoagana nasi na kipupwe kinapokaribia. Mtoto anayetoka Ngamiani saa kumi na mbili asubuhi, kusi ikivuma, ana haki ya kuvaa sweta. Ikifika saa nne, wakati wa mapumziko, joto la mji wetu limekwisha kurudi, na sweta linavuliwa: linawekwa dirishani, linafungwa kiunoni, au wavulana wanaweka moja huku na moja kule yawe magoli. Kengele inalia, wachezaji wanakimbilia darasani, magoli yanabaki uwanjani. Mchana anapotoka shuleni hakuna baridi ya kumkumbusha kwamba asubuhi alikuwa na vazi jingine. Mtoto huyo hakudharau jasho lako. Jua ndilo lililomtoa sweta akilini.

Kwa sababu hiyo kumchapa hakusaidii, na kwa kuwa umekwisha kujuta sitakuongezea neno, ila nitawaambia walimu wanaosoma ukurasa huu kwamba hata kanuni zinazoruhusu viboko shuleni, zile za mwaka 2002, zinavihusisha na makosa makubwa ya nidhamu, zinaweka kikomo cha viboko vinne, zinataka vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Sioni namna ambavyo chupa ya maji iliyosahaulika chini ya mwembe inaweza kuingia katika makosa makubwa.

Mtoto wa umri huo hawezi kubeba akilini orodha ya vitu sita kutwa nzima, lakini anaweza kushika desturi moja akizoeshwa kuifanya mahali pale pale kwa saa ile ile. Nilipokuwa na darasa la kwanza, kabla ya kuwaruhusu kutoka, tulikuwa tunasimama wote na kusema kwa pamoja: chini ya dawati, dirishani, mgongoni. Wakisema chini ya dawati wanainama, wakisema dirishani wanageuka, wakisema mgongoni wanashika mabegi yao. Haikuchukua hata dakika moja, na baada ya wiki chache walikuwa wakifanya bila ya mimi kuwaanzishia. Mwombe mwalimu wa darasa ajaribu, nawe nyumbani mfanyie mwanao vivyo hivyo mlangoni kila asubuhi, ili asubuhi na mchana vifanane.

Jambo la pili ni alama. Masweta ya shule moja yote yana rangi moja na mara nyingi yametoka duka moja, kwa hiyo sweta lisilo na alama halina mwenyewe hata likiokotwa na mtu mwaminifu kuliko wote. Wino wa peni hufutika kwa kufuliwa mara mbili tatu. Tumia uzi na sindano. Nakumbuka bibi mmoja aliyekuwa akimlea mjukuu wake, naye hakujua kusoma wala kuandika. Alitia mishono mitatu ya uzi mwekundu ndani ya ukosi wa kila vazi la mjukuu, mishono mifupi iliyolala sambamba kama njiti za kiberiti. Siku tulipomwaga gunia la vitu vilivyookotwa sakafuni, watoto wengine walikuwa wakinusa na kujipimia, wakibishana, lakini yule binti alikunjua kosi moja baada ya jingine, akaiona mishono yake, akavaa, akaondoka. Mtoto wa darasa la kwanza ambaye bado anahangaika na herufi atautambua uzi wa bibi yake kabla ya kulisoma jina lake. Kwa madaftari andika jina na darasa juu ya jalada na pia ndani, kwa sababu jalada ndilo huchanika kwanza. Chupa ya maji izungushie shingoni kitambaa cha rangi mnayoijua.

Ama kuhusu shule, ombi langu ni kwamba vitu vilivyookotwa visifichwe. Stoo iliyofungwa na ufunguo ulio mfukoni mwa mwalimu mmoja ni mahali pa kupotezea kitu mara ya pili. Nguo zitundikwe kwenye kamba barazani, karibu na ofisi ya walimu, ambako kila mtoto anapita na mwalimu wa zamu anaona. Tena hewa yetu ya pwani ina unyevu, na sweta lililolowa wakati wa masika likisokomezwa ndani ya gunia halichukui siku nyingi kabla ya kutoa madoa meusi yasiyotoka. Vitu vidogo viwekwe kwenye sanduku lililo wazi mahali hapo hapo. Daftari la masomo lisisubiri lolote: lirudishwe siku ile ile, kwa kuwa mtoto asiye nalo atakwenda nyumbani bila kazi aliyopewa na kesho atahesabiwa mvivu. Zaidi ya hayo, kila kinachookotwa kiandikwe: siku, kitu chenyewe, kilipookotwa, alama kilichonacho, nani amekileta na nani amekichukua. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mahali nilipouona ukweli wa methali hiyo kuliko katika stoo za shule. Mwalimu wa zamu tayari ana kitabu chake. Kurasa chache za mwisho zinatosha kwa kazi hii.

Nenda kwa mwalimu mkuu kwa upole, siku ambayo si ya purukushani, umwombe masweta yako na umweleze jambo hili la malipo. Akikataa, lifikishe kwa kamati ya shule, ambayo wazazi wamo.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwalimu mwenzio, nafundisha darasa la tatu Chumbageni. Mwanafunzi wangu mmoja alikutwa amevaa sweta lenye jina la mwenzake kwa ndani. Mama wa mwenye sweta alikuja akamwita mtoto yule mwizi mbele ya darasa zima, na tangu siku hiyo wenzake wanamwita hivyo. Walimu wengine wanashauri tuwe tunapekua mabegi ya wanafunzi wote mstarini kila Ijumaa. Nakuomba ushauri.
Mwalimu wa darasa

JIBU: Mwalimu mwenzangu, upekuzi wa mstarini ukatae kwa nguvu zako zote. Ukimpekua mtoto mbele ya mamia ya wenzake, kitakachoonekana begini si sweta la wizi peke yake. Patakuwa na kipande cha muhogo alichofungiwa kwenye mfuko wa sukari kwa kuwa hakuna fedha ya mapumziko, patakuwa na kitambaa cha msichana aliyevunja ungo, patakuwa na madaftari mawili ambayo mtoto ameyagawa kwa masomo yote. Hayo yakikwisha kuonekana hayafichiki tena, na aliyeaibishwa kwa umaskini wake atachukia kuja shule.

Kuhusu mtoto aliyekutwa na sweta, jiulize kwanza swali ambalo yule mama hakujiuliza: masweta mawili ya rangi moja na kipimo kimoja yakiwa juu ya dawati moja, mtoto wa miaka tisa anatofautishaje? Ukikuta kwamba lake nalo limepotea siku hiyo hiyo, basi mara nyingi wawili hao wamebadilishana bila ya kujua. Hata sheria za nchi zina subira kuliko sisi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haimhesabu kuwa mwizi mtu aliyeokota kitu kilichopotea iwapo hamjui mwenyewe na ana sababu za kuamini kuwa hawezi kupatikana. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba mtoto aliye chini ya umri wa miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai. Ikiwa hakimu hawezi kumwita mtoto huyo mhalifu, mzazi mwenzetu amepata wapi ruhusa ya kumwita mwizi mbele ya darasa?

Unalopaswa kulifanya ni kumwita faraghani, ukae chini ulingane naye, na umwulize, kwa sauti ya kawaida, sweta hili limefikaje kwako. Mwache amalize. Mtoto aliyekosea kwa bahati mbaya atasema mara moja. Aliyechukua kwa makusudi atazungukazunguka, nawe utajua. Akiwa amechukua, arudishe mwenyewe mkononi mwa mwenzake ukiwapo wewe peke yako, aombe radhi, na shauri liishie hapo. Kisha ufuatilie kwao kuna nini, kwa maana mtoto anayechukua sweta wakati wa kipupwe huenda anasikia baridi.

Lililobaki ni gumu zaidi, nalo ni jina alilobandikwa. Mama yule alilitoa hadharani, na haitoshi kulifuta ofisini. Mwite, mzungumze kama watu wazima, na ikibainika kwamba mtoto hakuiba, lieleze darasa zima kwa maneno machache kwamba masweta yalibadilishana na kwamba hakuna mwizi. Lifanye wiki hii, usingoje mwisho wa muhula. Nimewahi kumwona mtoto akimaliza darasa la saba na jina alilopewa darasa la tatu, na sisi walimu tulilisikia kila siku tukadhani ni utani.

Na utaratibu wa kudumu uwe huu: mzazi mwenye dai la kitu kilichopotea humwona mwalimu wa zamu au wewe, na kamwe haingii darasani kumkabili mtoto wa mwenzake.

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule. Kila Desemba tunabaki na rundo la vitu visivyo na wenyewe. Wengine wanapendekeza viuzwe ili tununue chaki, wengine vigawiwe. Kuna pia fedha kidogo zilizookotwa uwanjani, na simu moja. Tufuate njia gani?
Mjumbe wa kamati, Makorora

JIBU: Ndugu mjumbe, mji wetu una Waislamu na Wakristo wanaokaa ukuta kwa ukuta, na katika jambo hili vitabu vyao vinasaidiana. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume aliulizwa kuhusu kitu cha kuokotwa, akaagiza kwamba mwokotaji atambue chombo chake na kamba kilichofungiwa, kisha akitangaze kwa mwaka mmoja. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwagiza mtu akiokota ng'ombe, punda au vazi la ndugu yake asijifanye hakuona, na ikiwa mwenyewe hajulikani, akihifadhi hadi atakapokuja kukitafuta.

Angalieni hekima iliyomo katika hicho chombo na kamba. Mwokotaji anazishika alama moyoni ili anayekuja kudai azitaje yeye. Basi nguo, chupa na kandambili ziwekwe wazi kila mtu azione, lakini fedha na simu zitangazwe bila sifa zake. Mwalimu aseme mstarini kwamba fedha zimeokotwa, asiseme ni kiasi gani wala zilikuwa zimefungwa katika nini. Mtoto atakayekuja na kusema zilikuwa shilingi 2,000 zimefungwa kwenye pindo la leso, huyo amejithibitisha. Fedha zitiwe ndani ya bahasha, waliohesabu wawili watie saini zao juu yake, na zikae kwa mwalimu mkuu. Simu aidaiye awe mtu mzima, tena aifungue mwenyewe mbele yenu.

Kuhusu rundo la Desemba, naona mmechelewa mno mkilisubiri lifike Desemba. Shule hufungwa Juni na Desemba. Wiki moja kabla ya kila likizo mfanye siku ya kutambua, mwite wazazi na si watoto peke yao, kwa sababu mama hulijua sweta alilolishona kiraka, ilhali mtoto amekwisha kulisahau. Vitakavyobaki, vitunzeni muhula mmoja zaidi. Kuviuza sikubaliani nako, kwani vilinunuliwa na wazazi kwa ajili ya watoto wao kuvaa, na chaki ina fungu lake. Walimu nao wasivichukue, hata kile kidogo kabisa, maana siku mtoto atakapoiona chupa yake mezani kwa mwalimu hataleta tena kitu alichokiokota.

Kugawa ndiyo njia, lakini kugawa nako kuna mtego niliouona. Mtoto alipewa sweta la rundo mwezi wa kwanza, na wiki hiyo hiyo mwenzake akalitambua kwa kifungo kilichoshonwa kwa uzi wa njano, akapiga kelele kwamba ni lake. Aliyepewa akalivua papo hapo uwanjani, machozi yakimtoka, na hakukubali kupewa kitu kingine mwaka ule wote. Ili lisitokee hilo, bora vitu hivyo vibaki kuwa vya shule: vifuliwe, vitiwe mshono wa rangi moja unaojulikana na walimu wote, na viazimwe. Anayefika ameloa mvua ya masika anaazimwa sweta kavu, yeyote awaye, awe mtoto wa mvuvi au wa daktari. Watoto wote wakizoea kuazima, yule ambaye sweta hilo ndilo pekee alilonalo ataendelea kulivaa mwaka mzima bila ya mtu kujua sababu, nanyi msimdai.

SWALI: Mimi ni mwendesha bodaboda. Binti yangu husahau chakula chake nyumbani, na juzi nilipokipeleka shuleni nilizuiwa getini. Je, walitenda haki?
Baba, Mabawa

JIBU: Ndugu yangu, kukuzuia usiingie darasani walitenda haki, kwa sababu madarasa yetu yana watoto wengi na kila mlango unapofunguliwa macho yote huhama ubaoni. Kukurudisha na chakula mkononi hawakutenda haki. Pawe na meza au rafu getini, mzazi aache kitu kilichoandikwa jina na darasa, na kiranja akichukue wakati wa mapumziko. Wewe nawe usikifanye kuwa kazi ya kila siku. Chakula kifungwe usiku na kiwekwe juu ya begi lenyewe, mahali ambapo hawezi kulinyanyua bila ya kukigusa.

Vitu viwili havingoji mapumziko, navyo ni miwani ya mtoto asiyeona ubao na dawa. Ikiwa binti yako au mtoto wa jirani unayembeba ana pumu, na kopo lake la kuvuta dawa limebaki nyumbani, usiliache mezani getini. Mwambie mlinzi amwite mwalimu wa darasa, umkabidhi mkononi, na umwonyeshe jinsi linavyotumika kabla hujawasha pikipiki.